"Nzuri, Ila…": Maswali Yenu Kuhusu Kupimwa Ugonjwa wa Akili kwa Fao la Ulemavu

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Kusini, kuanzia Liwale mpaka Mikindani, na kilio ni kimoja: mgonjwa wa akili anaingia mbele ya madaktari, hakai sana, na karatasi inatoka ikisema anaweza kufanya kazi. Tumechagua saba. Majina tumeyaacha, na hospitali, viwanda na ofisi zilizolalamikiwa hatukuzitaja.

Mume wangu alijibu maswali yote, ndiyo maana wakamnyima

*Shikamooni. Mume wangu amefanya kazi kiwanda cha korosho miaka kumi na moja. Tangu 2019 anaumwa. Kuna wakati hakauki mdomo, halali, anagawa pesa njiani. Halafu unakuja wakati hatoki kitandani. Alipelekwa bodi ya madaktari ili adai pensheni ya ulemavu. Aliulizwa anajisikiaje, leo siku gani, anaoga na kuvaa mwenyewe? Akajibu vizuri tu. Sasa wameandika hajapoteza uwezo wa kazi. Mimi niliambiwa nisubiri nje. Hiyo ni haki?* — Mama wa watatu, Masasi

Marahaba, mama. Si haki, ingawa pengine hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Maswali aliyoulizwa ni ya kawaida katika uchunguzi wa akili: yanaonyesha kama mtu amechanganyikiwa *saa ile*. Fao la ulemavu linauliza jambo jingine kabisa. Kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mwanachama ambaye hajafika umri wa kustaafu anatakiwa awe amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato, hali iwe ya kudumu, awe amethibitishwa na bodi ya madaktari, na awe na michango isiyopungua miezi 36 ambayo sehemu yake ni ya karibuni kabla ugonjwa haujamwangusha. Soma tena hilo neno kipato. Kuoga si kipato. Kujua kwamba leo ni Jumatano si kipato.

Chukua mwaka wa mgonjwa kama mumeo. Tuseme anapanda, yaani anachangamka kupita kiasi na halali, mara mbili, kila mara wiki sita: hizo wiki 12. Anashuka mara moja kwa miezi minne: wiki 17. Baada ya kila kipindi kuna kama wiki tatu za uzito wa dawa, mtu anatembea lakini mkono na macho havina kazi: wiki 9. Jumla 38 katika 52. Bodi ilimkuta katika moja ya zile 14 zilizobaki. Hesabu hii si kanuni ya mfuko wowote, lakini ndiyo hoja mnayotakiwa kuipeleka mezani, kwa sababu mwajiri hanunui siku nzuri za mtu, ananunua siku anazoweza kuzitegemea. Anayefika Shangani maji yamekupwa, akaona mwamba mtupu, hawezi kurudi kwao na kuandika kwamba Mtwara haina bahari.

Halafu kuna lugha yetu yenyewe. Kwa Kiswahili mtu mwenye homa kali akiulizwa "habari za kuumwa?" anajibu "nzuri", na ugonjwa anauleta baadaye, baada ya neno "ila". *Nzuri, ila usiku silali. Nzuri, ila nasikia watu wananisema.* Ni adabu tuliyofunzwa tangu utotoni. Daktari mwenye foleni ya watu ishirini anaandika "anajisikia vizuri" kabla "ila" haijafika. Vivyo hivyo na neno "mawazo". Mgonjwa akisema "nina mawazo", wengi husikia shida za ada za shule na bei ya korosho mnadani, kumbe huyu ana sonona, anaamka saa tisa usiku na kukaa ukingoni mwa kitanda mpaka kunapambazuka. Wengine wataeleza ugonjwa kwa mwili: kichwa kinawaka moto, kuna wadudu wanatembea utosini, moyo unaenda mbio. Na mzee anayeongea Kimwera au Kimakonde nyumbani atajibu kwa Kiswahili kifupi cha ofisini, "ndiyo", "hapana", "kawaida", wala si kwamba hana la kusema. Ombeni mkalimani kabla ya siku yenyewe.

Na sisi ndugu tunachangia. Kwa siku ya bodi mgonjwa ananyolewa, anapigiwa pasi shati, anakumbushwa dawa wiki nzima asije akatuaibisha. Kumpeleka msafi ni jambo jema, lakini mkifanya hivyo semeni: "Leo ameogeshwa na mimi, bila kusukumwa hukaa siku nne bila kuoga." Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko shati lolote.

Sasa la kufanya. Andikeni barua kwa mfuko mkiomba sababu za kukataliwa kwa maandishi na kuomba tathmini irudiwe. Siku mnayopokea barua ya kukataliwa, ulizeni palepale mwisho wa kupinga ni lini, jibu liandikwe na ligongwe muhuri. Msirudi na malalamiko matupu, rudini na karatasi nne.

Ya kwanza ni ya kiwandani: orodha ya mahudhurio na kitabu cha kilo. Wabanguaji na wamenyaji wengi hulipwa kwa kilo, kwa hiyo uzito wa kila siku umeandikwa. Ikionekana mtu aliyekuwa na mkono wa kuaminika sasa ana wiki za kilo nyingi kupita kiasi, wiki za nusu yake, kisha wiki za sifuri, huo ni ugonjwa umechorwa kwa tarakimu, na haukuandikwa na mke wala mama. Hakuna ushahidi tunaoupenda kuliko huo, na karibu hakuna anayeuomba. Uombeni mapema, kabla uhusiano na mwajiri haujachacha.

Ya pili ni muhtasari wa kliniki, wenye tarehe za kulazwa na dawa zilizojaribiwa. Neno "kudumu" haliwi na maana mpaka ionekane tiba imejaribiwa na ugonjwa bado unarudi.

Ya tatu ni kipimo cha utendaji cha Shirika la Afya Duniani kinachoitwa WHODAS 2.0. Kina maswali 36, na kipo kifupi cha 12, katika maeneo sita: kuelewa na kukumbuka, kutembea, kujitunza, kuelewana na watu, shughuli za nyumbani na kazini, na kushiriki katika jamii. Kinauliza siku 30 zilizopita. Hapo ndipo penye mtego: kwa ugonjwa unaopanda na kushuka, kikijazwa katika mwezi mzuri kitawaponza. Ombeni kijazwe mara mbili, mwezi mbaya na mwezi mzuri, zote mbili ziwekwe faili moja.

Ya nne ni daftari la nyumbani. Daftari la kawaida la kurasa 48 linatosha. Mstari mmoja kwa siku, usiku kabla ya kulala, kwa miezi mitatu. Msiandike "leo kaumwa sana". Andikeni kilichotokea na kilichoshindikana. Hivi:

*J'nne 4. Ameamka saa 5 asubuhi. Amenywa chai nusu kikombe. Nimemwambia mara tatu avae, amekaa na suruali mkononi. Kazini hakwenda. Dawa amekunywa mbele yangu.*

*J'tano 5. Amekwenda kazini. Saa 4 msimamizi amepiga simu, amesimama mbele ya mashine anaongea peke yake, nikamfuate. Mdogo wake amemleta kwa bodaboda.*

*Alh. 6. Siku nzuri. Amechota maji, amecheka na watoto.*

Siku nzuri nazo ziandikwe. Daftari lenye mabaya matupu linatiliwa shaka mara moja, na bodi inayo haki ya kuogopa wanaoigiza, wapo. Mwigizaji hana miezi mitatu ya mistari midogo midogo inayolingana na kitabu cha kilo cha kiwandani.

Mwisho, kuhusu kuachwa nje. Katika tiba ya akili maelezo ya ndugu anayeishi na mgonjwa ni sehemu ya uchunguzi. Omba kwa maandishi, kabla ya tarehe, kwamba usikilizwe, hata dakika tano, na ikibidi peke yako, kwani kuna mambo huwezi kuyasema mbele yake bila kumvunja. Ukikataliwa, iache karatasi yako ya maelezo kwa mwenyekiti wa bodi na ubaki na nakala iliyogongwa "imepokelewa".

Daktari aandike nini hasa?

*Daktari wetu ni mkarimu, kila nikiomba ananiandikia. Lakini ofisi wanasema barua zake hazina kitu.* — Mwalimu mstaafu, Nachingwea, anayemlea mdogo wake

Tunaijua hiyo barua: "Mgonjwa tajwa anasumbuliwa na ugonjwa wa akili, anahitaji mapumziko na msaada." Ina huruma lakini haina taarifa. Anayesoma hajui ni ugonjwa gani, tangu lini, umejaribiwa tiba gani, na unazuia nini.

Barua yenye kazi inafanana na hii: "Skizofrenia. Kliniki tangu Machi 2018. Amelazwa mara tatu. Alianza haloperidoli, akakakamaa shingo. Sasa yuko kwenye sindano ya flufenazini ya kila wiki nne. Sauti zimepungua, hazijaisha. Hawezi kufuata maelekezo yenye hatua zaidi ya mbili bila kusimamiwa. Hawezi kukaa kundini zaidi ya saa moja. Mikono inatetemeka kwa dawa; hafai kwenye mashine, moto, chombo cha baharini wala pikipiki. Hali hii imedumu zaidi ya miaka miwili pamoja na tiba, na sitarajii arudi kwenye kazi yake ya awali."

Madhara ya dawa ndiyo kitu kinachosahaulika kuliko vyote. Mtu hasikii tena sauti, kweli, lakini analala saa kumi na nne na vidole havikazi kwenye nyavu. Ulemavu unaoletwa na tiba nao unahesabika. Mkumbushe daktari uso kwa uso. Na ikiwa kituo chenu hakina mtaalamu wa akili, omba rufaa. Kwa Lindi ni Hospitali ya Sokoine, kwa Mtwara ni Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Ndanda na Nyangao nazo zina mafaili ya miaka mingi ya watu wa Kusini, kwa hiyo kama aliwahi kutibiwa huko, fuata faili hilo. Aliyewahi kulazwa Mirembe, Dodoma, aombe muhtasari wa kuruhusiwa. Karatasi hiyo hufunga mjadala mwingi.

Jambo jingine dogo linaloua madai: jina la ugonjwa kubadilika kila kituo. Hapa "saikosisi", pale "stresi", kule "malaria ya kichwa". Daktari wa mwisho aandike sentensi moja kueleza kwamba majina hayo yote ni ugonjwa uleule ukiwa unatambuliwa hatua kwa hatua.

Hakuna damu, hakuna ajali?

*Mimi ni mlinzi wa ghala. Msimu uliopita majambazi walitufunga kamba, wakamkata mwenzangu panga mbele yangu. Mimi sikuguswa. Tangu hapo sisinzii, nikisikia pikipiki usiku nalala chini. Mwajiri anasema fidia ni ya mwenzangu tu.* — Mlinzi, Mtwara mjini

Pole sana, kaka. Mwajiri wako amefupisha sheria. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaoendeshwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 na kuchangiwa na mwajiri peke yake, unaangalia kama madhara yametokana na kazi na yametokea ukiwa kazini. Na katika orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani iliyorekebishwa 2010, maradhi ya akili yamo, na la kwanza lililotajwa ni lile la kiwewe baada ya tukio la kutisha, hilohilo unaloeleza.

Ugumu wako ni kuunganisha tukio na ugonjwa, na uzi unaoviunganisha ni tarehe. Tafuta namba ya RB ya polisi ya usiku ule na uhakikishe jina lako limo kama mhanga, isiwe kama shahidi tu. Mpe mwajiri taarifa yako mwenyewe kwa maandishi, ubaki na nakala. Madai yafike WCF ndani ya miezi 12, usingoje mwenzako apone.

Hospitali nenda mara mbili. Ukienda mapema, wiki ile ile, pengine hutapewa jina la ugonjwa, kwa sababu kiwewe cha aina hii hutambuliwa dalili zikizidi mwezi mmoja. Lakini kadi itaonyesha ulifika na ulisema nini. Ukienda baada ya wiki sita ndipo utambuzi unafanyika. Aliyekwenda kwa mara ya kwanza baada ya mwaka ataambiwa ni pombe au ni mambo ya nyumbani. Kama hukwenda mapema, watafute waliokuona: mkeo, mlinzi wa zamu iliyofuata, jirani. Waandike walichokiona, wasiandike wanachokidhani.

Ukikubaliwa na huwezi kufanya kazi kwa muda, malipo ni asilimia 70 ya mshahara, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Baadaye ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia: usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Usikubali kupimwa asilimia ya kudumu wakati hata matibabu hujaanza. Utapimwa au chini mno au juu mno, na ya juu mno huja kupunguzwa.

Sisi wakulima je?

*Binti yangu ana ugonjwa wa akili, hana mfuko wowote wala mimi sina. Aende akapimwe wapi ili alipwe?* — Mkulima wa korosho, Tandahimba

Mzee wetu, usipoteze nauli. Tanzania Bara haina posho ya kila mwezi anayolipwa mtu kwa sababu tu amepimwa akaonekana ana ulemavu. NSSF, na PSSSF ya watumishi wa umma, hulipa waliochangia. Kwa binti yako milango ni mingine: TASAF, mpango wa kusaidia kaya maskini, ambako kinachoangaliwa ni hali ya kaya nzima, na asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba ya watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9 ya 2010, inahesabu ulemavu wa akili sawa na wa miguu au macho. Ukiambiwa "huyu si mlemavu, ni mgonjwa tu", itaje sheria hiyo kwa namba.

Tahadhari moja kwenye madodoso. Maswali mafupi sita yanayotumika sehemu nyingi kutambua ulemavu ni ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka na kuzingatia, kujihudumia, na kuwasiliana. Hakuna hata moja linalouliza hofu au huzuni. Mgonjwa wa akili anaonekana, kama anaonekana, kwenye lile la kukumbuka na kuzingatia na lile la kujihudumia. Mwandikishaji akifika hapo usijibu "hana tatizo" kwa haya ya majirani waliosimama uani. Muombe mkaongee ndani.

Bosi anataka niandike kuacha kazi

*Nimekuwa na ED (ruhusa za daktari za kupumzika) za mara kwa mara kwa sababu ya sonona. Bosi ananishauri niandike barua ya kuacha kazi kwa hiari, eti nitapata mafao haraka.* — Karani, Lindi mjini

Usiandike, dada. Kalamu hiyo ndiyo inayofunga milango mingi kwa mkupuo: aliyeacha kwa hiari hupata shida sana kusema aliachishwa isivyo haki, na anajipa kazi ya kueleza kwamba ni ugonjwa uliomtoa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Hesabu ED zako zote, ujue umetumia ngapi. Mara nyingi ofisi yenyewe haijui. Zikiisha bado mwajiri hawezi kukutoa hivihivi. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinamtaka achunguze ugonjwa ni wa muda gani, akusikilize, na aangalie kama ipo kazi nyingine au mpangilio mwingine wa kazi unaokufaa. Akikuachisha, unazo siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na fomu namba 1. Siku hizo huhesabiwa tangu unapoachishwa, na mwenye sonona ndiye hasa anayezilala. Mpe mtu mwingine kazi ya kuzihesabu.

Ulaya wanapima vizuri zaidi?

*Shemeji yangu yuko Uingereza anasema huko mgonjwa wa akili anapewa pesa bila maneno.* — Msomaji, Mikindani

Shemeji amekula chumvi kidogo. Huko wana kipimo cha pointi, na kelele zake ni zilezile. Posho iitwayo PIP inataka pointi 8 kwa kiwango cha kawaida na 12 kwa cha juu, na anayekupima mara nyingi ni muuguzi au mtaalamu wa viungo ambaye hajawahi kukuona. Mei 2013 mahakama maalumu ya rufaa ya huko ilisema utaratibu mwingine, ule wa kupima uwezo wa kufanya kazi ulioanza 2008, unawaweka wagonjwa wa akili mahali pabaya kuliko wengine, kwa kuwa unamtegemea mgonjwa ajieleze na kukusanya ushahidi wake, kazi ambayo ugonjwa wenyewe umemnyang'anya. Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Desemba mwaka huohuo. Na Desemba 2017 Mahakama Kuu ikatengua kanuni za PIP zilizompa pointi chache anayeshindwa kutoka nyumbani kwa sababu ya mfadhaiko. Serikali ikalazimika kupitia upya mafaili milioni 1.6.

Hoja ile ya 2013 tungependa isomwe kwa sauti katika kila chumba cha bodi, cha kwetu pia. Anayetakiwa kuleta karatasi nne tulizomwandikia mama wa Masasi ni mtu asiyeweza kukumbuka alikoziweka funguo.

Anasema haumwi, na kliniki hakuhudhuria mwaka mzima

*Kaka yangu akiulizwa anasema yeye mzima, sisi ndio wachawi. Tena faili lake lina pengo la mwaka. Tukimpeleka bodi si tutachekwa? Yeye alikuwa dereva wa halmashauri.* — Mdogo wake, Liwale

Kutokujua kwamba unaumwa ni dalili inayojulikana sana ya skizofrenia na ya vipindi vya kupanda; haihusiani na ukaidi. Bodi inapaswa kuiandika kama dalili, na muhtasari wa kliniki uitaje kwa sentensi yake: "hana utambuzi wa ugonjwa wake." Bila hiyo, "mimi mzima" itachukuliwa kama ushahidi. Msibishane naye mlangoni. Mwacheni aseme anavyosema, kisha maelezo yenu yafuate kwa karatasi.

Pengo la mwaka msilifiche, lielezeni. Likiachwa kimya husomwa kwamba alipona au alikataa tiba. Kama ni masika na barabara ya Nangurukuru–Liwale haikupitika, andikeni miezi. Kama dawa ziliisha kituoni, kadi huwa na maandishi "dawa hakuna" au "akanunue". Tafuteni kurasa hizo. Kama alikuwa kwa mganga, semeni alikuwa kwa mganga, tangu lini hadi lini, na alirudi katika hali gani. Daktari wa Kusini ameshasikia hilo mara nyingi. Kinachomkera ni kudanganywa.

Kwa kuwa alikuwa mtumishi wa umma, mfuko wake ni PSSSF, uliounganisha mifuko ya awali mwaka 2018. Kama alichangia mfuko wa zamani, hakikisheni michango ya zamani imehamia kabla hamjapanga siku ya bodi. Na tazameni majina. Kadi ya kliniki inasema Hamisi, kitambulisho cha NIDA kinasema Khamis, barua ya ajira ina jina la babu ambalo kwingine halipo. Faili linaweza kukaa miezi mezani kwa herufi moja. Kiapo cha majina kwa wakili au mahakamani kifanyike sasa, wakati mnasubiri rufaa ya hospitali, na nakala yake ipachikwe ndani ya jalada la kadi ya kliniki kwa pini, isibaki kwenye mfuko wa rambo na risiti za nauli.